Jinsi ya kuchonga Mimi, boti ya vita ya Ziwa Tanganyika

Nikiandika Mimi kwa herufi kubwa katikati ya sentensi, jua nasema boti, si fundi. Hilo nalimaliza mapema kwa sababu kila anayeingia karakanani na kusoma kibao cha stendi huniuliza kama nimejichonga mwenyewe. Jina ni la Kifaransa cha kudekeza paka, na pacha wake, Toutou, ni la kudekeza mbwa. Kamanda Geoffrey Spicer-Simson, aliyezipeleka boti hizi ziwani kupigana na meli za Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, alitaka kuziita Paka na Mbwa kabisa, wakubwa wake wa jeshi la majini la Uingereza wakamkatalia, ndipo akawapitishia majina haya. Huyo huyo ndiye aliyekuwa akitembea kambini na sketi. Tuendelee na mbao.

Wengi huanza na tumbo la boti kwa kuwa ndilo linalopendeza. Nakushauri uanze na mzinga. Mfano wangu wa kwanza niliuelekeza mzinga ubavuni, kulia, eti boti ionekane na hasira. Mzee mmoja aliyekuja kutengenezewa kigoda akautazama, akacheka: "Fundi, hiki ukikipiga hivyo kinapinduka." Nikadhani ananitania. Baadaye, nilipozisoma habari zake vizuri, nikakuta mzee alisema kweli tupu. Mzinga ule wa Hotchkiss, wa risasi za pauni tatu, ulikuwa mzito mno kwa boti ile, ukawa haupigwi salama ila kuelekea mbele. Kwa hiyo nahodha alilenga kwa usukani: boti nzima ndiyo iliyogeuzwa kumtazama adui. Ukilikosea hilo, umechonga boti nyingine.

Sasa vipimo. Mimi nachonga kwa kipimo cha 1:24, maana futi moja ya kweli inakuwa nusu inchi na rula ya seremala inatosha, huhitaji kikokotoo. Boti ilikuwa na urefu wa futi 40 na upana wa futi 8. Kata gogo la inchi 20 kwa 4. Ya kweli ilikuwa ya mahogani, nami natumia mkangazi kwa sitaha tu. Tumbo nalichonga kwa paini, maana mkangazi wote utakuchosha mikono bure na rangi itaufunika.

Kabla ya kushika patasi, tafuta picha ya safari, boti ikiwa juu ya tela. Picha za majini hazikuonyeshi mkuku, yaani uti wa chini wa boti, wala panga boi. Hizi za tela zipo kwa sababu boti hizi zilipanda mlima. Ziliondoka Uingereza Juni 1915 kwa meli hadi Cape Town, zikapakiwa kwenye treni mpaka Fungurume, Kongo, kisha zikaburutwa kwa trekta za mvuke na makundi ya ng'ombe juu ya milima ya Mitumba, karibu kilomita 235 za njia iliyokatwa msituni, madaraja yakijengwa mbele yao. Baada ya hapo reli tena, Mto Lualaba, reli tena, hadi ukingoni mwa ziwa upande wa Kongo, mahali panapoitwa Kalemie leo. Ukiitazama picha ile utaona tumbo lote, na utaelewa kwa nini ubavu haupaswi kuchongwa mnene.

Randa kwanza, kisha tupa, kisha msasa wa 80 hadi 240. Hapo sina la ziada. Chonga kuanzia katikati kwenda omo, yaani mbele, halafu katikati kwenda tezi, yaani nyuma. Ukianzia ncha utajikuta upande mmoja umeliwa kuliko mwingine.

Rudi kwenye mzinga, maana ndipo kazi ilipo. Mdomo wake ulikuwa na kipenyo cha milimita 47. Gawanya kwa 24, unapata milimita 2 pungufu kidogo. Chukua mrija wa wino wa kalamu iliyokwisha, uoshe kwa spiriti, utazame ndani: tundu ni lile lile takriban. Mzinga ulikuwa na urefu wa mita 2, basi kata mrija sentimita 8 na kidogo. Uweke juu ya boti ya inchi 20 uone ulivyojaa. Kitako chake usikigandishe juu ya rangi. Toboa sitaha, pitisha kipande cha spoki ya baiskeli hadi ndani ya gogo, ndipo uweke gundi. Inasimuliwa kwamba walipoujaribu kwenye Mto Thames mzinga haukuwa umekazwa sawasawa, ukaruka mtoni pamoja na mpigaji. Wangu mmoja uling'oka mikononi mwa mteja, bila hata baruti.

Nyuma weka bombomu aina ya Maksimu. Injini mbili za petroli hazionekani, zifunike.

Kisha chagua siku, kwa kuwa mfano usio na tarehe unaleta ubishi. Ukitaka Mimi na Toutou pamoja, chonga 26 Desemba 1915. Asubuhi ile meli ndogo ya Wajerumani, Kingani, ilijitokeza, na mzinga wake nao ulikuwa wa kupiga mbele tu. Boti hizi zilikuwa na mwendo wa noti 19 hivi, kama kilomita 35 kwa saa, zikaizunguka na kuipiga isikoweza kujibu. Iliisha kwa dakika 11, nahodha wake akafa, meli ikatekwa na kupewa jina Fifi. Ukitaka 9 Februari 1916, usimchonge Toutou, hakuwepo. Siku hiyo Mimi ilikimbia mbele na kuisumbua kwa nyuma Hedwig von Wissmann, meli nyingine ya Wajerumani, nayo Hedwig ikilazimika kugeuka kila mara kujibu, hadi Fifi, iliyo polepole lakini yenye mzinga mkubwa zaidi, ikafika na kuizamisha. Kwa tarehe hiyo ipe Mimi omo iliyoinuka kidogo na mapovu mengi tezini. Mapovu nayatengeneza kwa pamba na gundi nyeupe, tabaka tatu, kila moja likauke usiku mzima.

Iliyobaki ni Graf von Götzen, meli kubwa ya Wajerumani, ambayo Spicer-Simson hakuthubutu kuigusa. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916, Waingereza wakaiibua 1924, na ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba. Watu huniomba niichonge isimame kando ya Mimi kwenye meza. Huwa nachukua chaki, napima sakafuni mita 3 kasoro kidogo, huo ndio urefu wa Liemba kwa kipimo hiki hiki, kisha naiweka Mimi pembeni ya mstari na kumwuliza mteja mlango wa nyumba yake una upana gani.