Kupokea matukio katika maktaba ya michoro: foleni kwanza

Programu ya mauzo ya duka la Kariakoo leo inatumia kipanya, kesho kidole kwenye simu. Tofauti hizo zimalizwe ndani ya maktaba yako ya michoro (msimbo ambao programu nyingine huutumia kuchora skrini na kupokea matukio, yaani mibofyo, miguso na miondoko), mwandishi wa programu asihangaike nazo.

Anza na muundo mmoja wa tukio: aina, muda, namba ya kifaa, kisha data ya aina hiyo. Muda uchukue kwenye saa isiyorudi nyuma, ile ya mfumo inayohesabu mbele tu bila kurekebishwa. Ukitumia saa ya kawaida, siku simu inapojirekebisha kupitia mtandao, mibofyo miwili ya haraka inaweza kuonekana imeachana dakika nzima.

Usiite fanksheni ya mwandishi wa programu papo hapo tukio linapoingia. Anaweza kufuta kitufe cha skrini wakati wewe bado unapitia orodha ya vitufe, na programu ikaanguka. Weka matukio kwenye foleni, naye mwandishi aimalize mwanzoni mwa kila fremu (kila mara skrini inapochorwa upya): `while (chukua_tukio(&t))`.

Nafasi 256 za foleni zinatosha kwa kuanzia. Kipanya cha Hz 1000 (ripoti 1000 kwa sekunde) kwenye skrini ya Hz 60 huleta miondoko kama 17 kwa fremu, lakini fremu ikikwama robo sekunde foleni inakaribia kujaa. Kwa hiyo unganisha miondoko inayofuatana ya kifaa kimoja, bila kuruka mbofyo ulio katikati. Ikijaa, tupa miondoko; tukio la kuachia (kidole au kitufe kuinuliwa) usilitupe kamwe.

Hapo kwenye kuachia ndipo maktaba nyingi changa huharibika. Muuzaji amegusa "Thibitisha malipo", kabla hajainua kidole mfumo unakatiza mguso. Android haitumi kuinua, inatuma kughairi. Ukizigeuza zote mbili kuwa "ameachia", malipo yanathibitishwa bila yeye kukusudia. Mpe mwandishi tukio la GHAIRI linalojitegemea. Kwenye kompyuta, mtu akibonyeza Alt+Tab, dirisha linaweza lisipate habari kwamba Alt imeachiwa. Tunza jedwali la vitufe vya kibodi vilivyoshikiliwa, na dirisha likipoteza umakini (likiacha kuwa ndilo linalopokea kibodi) toa tukio la kuachia kwa kila kimoja, ukiliwekea alama kuwa limetengenezwa na maktaba.

Kitufe cha kibodi na maandishi ni matukio tofauti. Kibodi ya simu inaweza kuleta "ng'ombe" zima kwa mkupuo, bila kitufe hata kimoja kubonyezwa. Maandishi yapitishe kama UTF-8, usimbaji wa kawaida wa herufi. Vitufe viache kwa ajili ya michezo na njia za mkato.

Kwa joto la Dar, kidole chenye jasho hakitulii. Mguso usiuite mburuto mpaka upite dp 8, kiwango cha kawaida cha Android (dp ni kipimo kisichotegemea wingi wa pikseli za skrini). Pima kwa dp: kwenye skrini ya dpi 320 (nukta 320 kwa inchi), hizo ni pikseli 16, na kizingiti cha pikseli 8 kingegeuza miguso halali kuwa miburuto.

Mwisho, ongeza fanksheni ya `weka_tukio`, ili majaribio yaingize matukio yaliyorekodiwa bila skrini. Jaribio la kwanza liwe bonyeza, ghairi, kisha hakikisha hakuna malipo yaliyopita.