Kupeleka kompyuta shule za kijijini, anzia hapa

Usianze na kompyuta, anza na umeme. Nenda shuleni kwanza, kaa na mwalimu mkuu na kamati ya shule, uliza luku analipa nani, maana zipo shule Tanzania nguzo iko mlangoni ila uniti zikiisha ndo basi tena mpaka hela ipatikane. Kama ni sola chukua laptop, achana na desktop. Piga hesabu: laptop 10 za wati 45 ni wati 450, zikiwaka masaa 4 ni wati-saa 1800, sa betri iwe na zaidi ya hapo.

Mzigo wa msaada kutoka nje una mambo yake. Sajili kikundi chenu kwa ile sheria ya NGO ya 2002, afu ongea na TRA, wale watu wa kodi, kabla mzigo haujapakiwa, sio umeshafika bandarini Dar na storeji inahesabu kila siku. Na kataa takataka bwana! Mashine ya Windows 10, ambayo sapoti iliisha Oktoba 2025, iweke Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, inapiga kazi, ila kioo kimepasuka na chaja haipo we mwambie mfadhili asante, hapana.

Bando lisikuumize kichwa, weka Kolibri, programu ya bure ya masomo, kwenye mashine moja iwe seva, zingine zinavuta masomo kupitia ruta bila intaneti.

Fundisha walimu wawili au zaidi, maana mmoja akihamishwa ufunguo wa chumba unabaki na mlinzi. Na bajeti iwe na hela ya fundi na betri mpya, wafadhili hawaipendi hiyo ila waombeni hivohivo.