Magunia Pekee Hayapimi Maendeleo ya Shamba

Mkulima wa Vihiga au Kakamega, magharibi mwa Kenya, akiulizwa msimu ulikuwaje, hujibu kwa magunia. Jibu hilo ni la kweli ila halitoshi, kwani magunia 12 ya ekari moja si sawa na magunia 12 ya ekari mbili, wala hayaelezi udongo ulioyazaa umebaki katika hali gani.

Miongoni mwa viashiria vya Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu, yaliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015 ili yatimizwe kufikia 2030, kimoja kinamgusa mkulima moja kwa moja. Kiashiria 2.4.1, kinachosimamiwa na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, hupima ni sehemu gani ya ardhi ya kilimo inayozalisha bila kudhoofishwa, kwa kuangalia mambo 11, yakiwemo mapato, udongo, maji, matumizi ya mbolea na dawa, na haki ya kumiliki ardhi. Kila jambo hupewa rangi. Kwa upande wa mapato, shamba lililopata faida miaka mitatu mfululizo ni la kijani, lililopata walau mwaka mmoja kati ya hiyo ni la manjano, na lisilopata kabisa ni jekundu.

Miaka mitatu haiwekwi kichwani. Niliwahi kuketi na mama mmoja mkulima, daftari la shule la mwanawe likiwa mapajani, ambaye aliandika vizuri bei aliyouzia mahindi lakini hakuandika vibarua wa palizi ya pili wala nauli ya pikipiki hadi sokoni. Tulipovijumlisha, faida ilibaki kidogo mno. Alinyamaza, akapiga mstari, akafungua ukurasa mpya.

Basi pima shamba lako kwa kamba, ukikumbuka kwamba hekta moja ni takriban ekari mbili na nusu. Andika kila gharama siku ileile, na uhesabu pia mahindi mabichi yaliyochomwa na gorogoro zilizoliwa nyumbani, ambazo wengi huzisahau ingawa ni mavuno.

Udongo nao upimwe. Sehemu nyingi za magharibi zina udongo wenye asidi, na mbolea ya DAP ikitumiwa mwaka baada ya mwaka huiongeza asidi hiyo. Kipimo cha pH, ambacho hushuka asidi inapozidi, kikifika chini ya 5.5, zungumza na afisa wa kilimo wa wadi kuhusu chokaa ya kupunguza asidi, kisha baada ya miaka mitatu chukua sampuli tena kutoka sehemu zilezile, ili namba mbili zilinganishike.