Uwiano: bandika k kwanza

Ukikuta swali la uwiano wa 3:5, tuseme wavulana kwa wasichana, usikimbilie kujumlisha. Bandika herufi moja kila upande: wavulana 3k, wasichana 5k. Wasichana wakizidi kwa 12, basi 2k = 12, k = 6; jibu 18 na 30. Asilimia nayo inaingia humohumo: wasichana wakipungua kwa 20%, 5k inakuwa 4k, hata idadi yenyewe huhitaji kuijua (hapo ndipo niliponogewa). Mbinu hii inakwama pale uwiano unapobadilika baada ya kuongeza watu. Chukua swali jingine la 3:5: wakiongezwa 4 kila upande, uwiano ukawa 2:3, usiandike 2k na 3k. K hiyo si ileile. Andika (3k + 4)/(5k + 4) = 2/3, kisha zidisha mkingamo (juu ya upande mmoja kwa chini ya mwingine): 3(3k + 4) = 2(5k + 4), k inatoka 4.