Somo: Sandwichi za viporo vya sikukuu, kuanzia mbuzi choma hadi pilau

Wapendwa, Krismasi imepita, Mwaka Mpya unabisha hodi, na friji za watu wengi hapa Dodoma zimejaa mabakuli yaliyofunikwa kwa sahani. Kuna mbuzi choma, kuna kuku wa mchuzi, kuna pilau. Siku ya kwanza tunapasha na kula kwa furaha, siku ya pili watoto wanaguna, siku ya tatu bakuli linamwagwa. Inauma sana kuona nyama iliyonunuliwa kwa bei ya Desemba inaishia kwenye ndoo ya taka, tena nyama nzuri. Leo tunaiingiza kwenye mkate, na tunaiingiza kwa heshima yake.

Adui wa sandwichi ya kiporo ni maji. Mchuzi, nyanya, mvuke wa kupasha, vyote vinakimbilia kwenye mkate na kuugeuza uji. Karibu kila hatua hapa chini ni ya kuyatoa maji hayo au kuyazuia njiani.

Kwanza, kagua kiporo chenyewe

Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2, kihifadhiwe kwenye ubaridi usiozidi nyuzi 5, na kikipashwa kipate moto wa angalau nyuzi 70 mpaka katikati. Kwa joto letu la mchana mimi sisubiri saa 2. Wageni wakishanawa tu, nagawa chakula kwenye vyombo vipana visivyo na kina, maana sufuria nzima ya pilau ikiingizwa friji inabaki na uvuguvugu katikati kwa muda mrefu. Kilichofika siku ya 3 kwenye friji kiliwe siku hiyo. Kilicholala mezani kitupwe, hata kama hakinuki.

Sandwichi ya mbuzi choma, watu wanne

Mahitaji: slesi 8 za mkate, mbuzi choma iliyobaki kama nusu kilo pamoja na mifupa, maji mazito ya ukwaju vijiko 3 vya chakula, karanga za kusaga vijiko 3, kitunguu maji kikubwa 1, nyanya ngumu 2, kabichi iliyokatwa nyembamba konzi mbili, limao, pilipili mbichi, chumvi na mafuta ya alizeti kidogo.

Hatua ya 1. Chambua nyama ikiwa bado ya baridi, imetoka friji sasa hivi. Mafuta ya mbuzi yakipoa yanaganda, yanakuwa meupe na magumu, kwa hiyo unayaona na kuyabandua kwa ncha ya kisu. Ukiyaacha mengi yatamganda mlaji kwenye kaakaa akichelewa kidogo. Kisha angalia nyuzi za nyama zinaelekea wapi, ukate kwa kuzikingama, vipande vyembamba kadiri unavyoweza. Nyama ya mnadani, ile tunayoifuata Msalato, mara nyingi ina misuli iliyokomaa. Ukiikata kufuata nyuzi, mtu anauma sandwichi na nyama yote inatoka kwa mkupuo mmoja, mkate unabaki mkononi.

Hatua ya 2. Pasha fraipeni, weka mafuta kijiko kimoja cha chai, mwaga nyama na ukwaju kwa pamoja. Hapa tumia masikio. Mwanzoni utasikia kuchemka kwa maji. Baada ya dakika chache mlio unabadilika, unakuwa mkavu na mkali, na kingo za nyama zinaanza kung'aa kwa rangi ya kahawia iliyoiva. Hapo maji yameisha na ukwaju umeshika nyama. Epua. Ukwaju tunao tele hapa kwetu, na uchachu wake unaikata ladha nzito ya mbuzi kuliko tomato ya chupa.

Hatua ya 3. Kachumbari ya jana usiitumie, imeshalegea. Tengeneza nyingine: kata kitunguu, toa mbegu na maji ya nyanya, ukate nyama yake tu, nyunyiza chumvi, acha dakika 10, kisha kamua kwa mkono mpaka ikome kudondoka. Limao liingie baada ya kukamua.

Hatua ya 4. Mkate wa jana unafaa kuliko wa leo, maana umepoteza unyevu. Kausha upande mmoja tu wa kila slesi kwenye fraipeni kavu. Upande huo uliokauka ndio utakaokuwa ndani.

Hatua ya 5. Lainisha karanga za kusaga kwa limao, chumvi, pilipili iliyopondwa na maji kidogo mpaka zipakike. Paka kwenye upande uliokauka, ufike hadi ukingoni. Mafuta ya karanga ndiyo ukuta wa kuzuia maji, na pembe isiyopakwa ndiyo inayolowa kwanza. Juu yake weka kabichi, kisha nyama, kisha kachumbari, na slesi ya pili uliyoipaka vilevile.

Hatua ya 6. Rudisha kwenye fraipeni juu ya moto mdogo na uibane kwa sufuria yenye maji kidogo ndani, tako la sufuria liwe safi. Dakika 3 kila upande zinatosha. Wa mkaa, subirini makaa yaingie jivu jeupe. Moto mkali unaunguza mkate kabla katikati hakujapata joto. Kata vipande viwili, mle papo hapo.

Kuku wa mchuzi

Aliyebahatika kupata kuku wa kienyeji wa Singida anajua kuwa kiporo chake kina ladha kuliko siku alipopikwa. Chambua nyama mbali na mifupa. Mchuzi uchemshe peke yake bila mfuniko mpaka ubaki mzito, ukiburuta mwiko uone chini ya sufuria. Rudisha nyama ipate moto sawasawa, ongeza hoho mbichi iliyokatwa ndogo ndogo na yai lililochemshwa na kupondwa. Hii inakaa vizuri kwenye skonzi kuliko kwenye slesi. Zabibu zetu zikiwa msimu, pasua chache, toa mbegu, uchanganye. Utamu ule wenye uchachu unapendeza sana na kuku.

Pilau

Wali ndani ya mkate watu wengi wanaukataa, na ukiuweka hivyo hivyo wana haki. Ugeuze kwanza kuwa andazi bapa: vikombe 2 vya pilau iliyotoka friji, mayai 2, kitunguu, giligilani na unga wa ngano kijiko kimoja. Ponda kidogo kwa mkono ili punje zishikane, tengeneza vibapa, kaanga kwa mafuta kidogo mpaka kila upande uwe na ukoko na katikati kuwe na moto kabisa. Ukoko huo ndio raha yake. Weka kwenye chapati iliyopashwa, pamoja na kabichi yenye limao, ukunje. Anayependa zege ya mtaani, yaani chipsi mayai, atanielewa haraka.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Mimi niko Nkuhungu, sina friji. Somo hili linanihusu?*

Marahaba mwanangu, linakuhusu, ila usingoje kesho. Chakula cha mchana kikibaki, kiache jikoni juu ya moto mdogo kikiwa cha moto kweli, kinachotoa mvuke, si uvuguvugu, na ukigeuze sandwichi za chakula cha usiku siku hiyo hiyo. Nyama na kuku vinafaa kwa njia hiyo. Pilau itaungua chini, kwa hiyo pika ya kutosha mlo mmoja.

*Mwalimu, pilau ililala kwenye sufuria mezani. Nikiikaanga sana na mayai si wadudu watakufa?*

Hapana mama, tafadhali mwaga. Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus, mbegu zake zinastahimili kuchemshwa. Wali ukikaa na uvuguvugu mbegu hizo zinaamka, bakteria wanaongezeka na kuacha sumu. Moto wako unaweza kuwaua bakteria, lakini sumu ya kutapisha inabaki palepale. Najua mchele ni ghali. Hii nasisitiza hasa kwa ajili ya watoto na wazee.

*Kaka, nafanya kazi Mtumba. Naweza kubeba ya mbuzi kwa ajili ya saa saba mchana?*

Ukiwa na friji ofisini na mahali pa kupashia, ndiyo. Usibebe ikiwa imeshapangwa. Nyama kwenye kikopo chake, kachumbari kwenye kingine, mkate kwenye mfuko. Kikopo cha nyama kilale friza usiku na kisafiri kimebanwa na chupa ya maji yaliyoganda. Ukifika, friji moja kwa moja. Kama ofisini hakuna friji, siku hiyo beba sandwichi ya karanga na karoti.

*Mayonezi badala ya karanga inafaa?*

Inafaa, nayo ina mafuta kwa hiyo inazuia maji. Ipake baada ya kubana mkate, kwani ikipata moto inayeyuka na kuvuja pembeni. Ya nyumbani yenye mayai mabichi iliwe muda huo huo.

*Dada yangu hali nyama kabisa na sikukuu zote anaambulia mkate na chai. Umsaidie.*

Maharage yaliyobaki! Yachuje, yaponde nusu, yakaange na kitunguu swaumu na nyanya mpaka yashikamane na mwiko. Panga kama ya mbuzi, ukwaju uchanganye kwenye karanga. Anastahili sahani yake mwenyewe, si masalia ya mezani kwa wengine.

*Huku kwetu Kongwa mkate uliisha dukani, kilichobaki ni ugali wa mtama. Kuna namna?*

Ipo, na ni tamu. Ugali ukiwa mgumu na umekaa friji usiku kucha, wanga wake umekaza, unakatika vizuri. Kata vipande vya unene wa kidole, vifute unyevu kwa kitambaa safi, weka kwenye mafuta ya alizeti yaliyopata moto. Usiviguse kwa dakika 4 au 5. Vikishatengeneza ukoko vitajiachia vyenyewe, ndipo ugeuze. Tandaza kuku au maharage juu ya kipande kimoja, funika kwa kingine. Ugali laini wa kulia mlenda usijaribu, utasambaratika kwenye mafuta.