Kabla hujaenda benki, andika mwezi mmoja wa kodi

Mimi na dada yangu tuna kampuni ndogo ya kupangisha: jengo moja la vyumba 14 na nyumba mbili za familia. Yeye anahangaika na mafundi na wapangaji, mimi nashika hesabu. Tumeshahama benki mara mbili, na mara zote mbili kosa lilikuwa lilelile. Tulichagua akaunti kwa kuitazama benki, tukasahau kutazama pesa zetu zinavyotembea.

Kwa hiyo vipeperushi viweke pembeni kwanza. Chukua karatasi, pitisha mstari katikati. Upande mmoja andika kila pesa iliyoingia mwezi uliopita: kaleta nani, tarehe ngapi, kwa njia gani. Upande wa pili andika zilizotoka. Kwetu karatasi hiyo ilionyesha malipo 16 yakiingia kati ya tarehe 1 na tarehe 7, kisha kimya hadi mwezi unaofuata. Zilizotoka zilikuwa nyingi na ndogondogo: fundi bomba, taka, umeme wa ngazini, mlinzi. Juu yake kuna mbili kubwa zinazokuja mara moja kwa mwaka, bima ya jengo na kodi ya serikali. Hapo utaona kwamba kampuni ya nyumba haifanani na duka. Duka linaingiza pesa tangu asubuhi hadi jioni, na akaunti nyingi za biashara zimetengenezwa kwa kumfikiria mwenye duka.

Ukiwa na karatasi hiyo, makato yanakuwa rahisi kuyapima. Benki kwa kawaida hukata kwa njia tatu: ada ya mwezi, ada ya kila muamala, na asilimia fulani ya pesa taslimu unazoweka dirishani. Usiulize ipi ni nafuu, maana jibu litategemea anayejibu. Zidisha mwenyewe. Malipo yetu 16 kwa miezi 12 ni miamala 192 ya kuingia, kabla hujagusa ya kutoka. Ada ya kila muamala inayoonekana si kitu, ukiizidisha kwa 192 unaweza kukuta imeipita ada ya mwezi uliyokuwa unaikimbia. Pesa taslimu nazo zina hesabu yake: wapangaji 10 wa kodi sawa wakilipa taslimu na benki ikakata asilimia 1 ya kila unachoweka, kwa mwaka umeiachia benki kodi ya chumba kimoja ya zaidi ya mwezi mzima. Uliza pia kama ada ya mwezi inafutwa salio likibaki juu ya kiwango fulani, na kiwango hicho kinapimwa kwa wastani wa mwezi au kwa siku ambayo salio lilishuka kuliko zote. Kwa sisi ambao akaunti hujaa tarehe 7 na kukauka tarehe 28, swali hilo peke yake linaamua.

Ila makato siyo yaliyotuumiza zaidi. Kilichotuumiza ni pesa kuingia bila jina.

Vyumba namba 6 na namba 9 vina kodi sawa. Mwezi mmoja niliona kwenye taarifa ya benki kodi moja tu ya kiasi hicho. Mstari wenyewe ulisema "malipo kwa simu", kisha tarakimu 12, basi. Mpangaji wa namba 6 hakuwa mtu wa kuchelewa, nikaamua kwamba hiyo ni yake, nikamwandikia mama wa namba 9 kumkumbusha. Alikuja jioni ileile. Alitoa simu, akafungua kifuko chake, akavuta risiti iliyokunjwa mara nne hadi mikunjo ikaanza kuchanika. "Nimelipa, mwanangu. Soma mwenyewe." Nikaweka risiti kando ya taarifa, nikafuata tarakimu kwa kidole, moja baada ya nyingine, na zote 12 zilikuwa zilezile. Nilimwomba radhi mbele ya wajukuu wake. Mpangaji wa miaka sita, hajawahi kuchelewa, na mimi nilikuwa nimemwita mdaiwa kwa sababu benki yetu ilikuwa inayatupa maelezo aliyoyaandika wakati wa kulipa.

Tangu siku hiyo hilo ndilo jaribio langu la kwanza kwa benki yoyote. Omba wakuonyeshe taarifa ya mfano, na usiishie kwenye ukurasa wa juu wenye nembo. Nenda kwenye mistari. Je, jina la mlipaji linatokea? Namba ya kumbukumbu aliyoiandika mpangaji inafika nzima, au inakatwa katikati? Ukiweza, fungua akaunti kisha mwombe mtu akutumie kiasi kidogo kwa njia tatu: kwa simu, kwa kuhamisha kutoka benki nyingine, na kwa kuweka dirishani. Kila mara aandike "chumba 9". Tazama kinachotokea upande wako. Baadhi ya benki hutoa namba tanzu, kila mpangaji anapewa yake, na pesa zote zinaangukia kwenye akaunti moja. Kama wapangaji wako wamefika kumi na zaidi, huduma hiyo ina thamani kuliko punguzo lolote la ada.

Uliza na namna ya kupakua taarifa. Faili la picha au la kuchapisha halitoshi. Unataka faili la jedwali ambalo programu yako ya hesabu inaweza kulisoma, na unataka kujua miezi mingapi ya nyuma utaendelea kuipata bila kulipia. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na siku hizi nusu ya daftari iko benki.

Sasa dhamana. Pesa ambayo mpangaji anaweka anapoingia si mapato. Ni yake, wewe umeishika tu. Sheria za nchi mbalimbali zinalitamka hilo kila moja kwa namna yake: Ujerumani inamtaka mwenye nyumba aitenge dhamana na mali yake mwenyewe, na inaweka kikomo cha kodi ya miezi mitatu; nako England na Wales, tangu Aprili 2007, dhamana za mikataba ya kawaida ya upangaji lazima zilindwe kwenye mpango ulioidhinishwa. Soma sheria ya mahali nyumba ilipo kabla ya kuchagua akaunti, kwa sababu inaweza kukuamulia aina ya akaunti. Lakini hata pale sheria iliponyamaza, mimi nasema fungua akaunti ya pili. Katika akaunti moja dhamana inajificha ndani ya salio. Unaona salio limenona, unalipa fundi wa paa, halafu wapangaji wawili wanahama mwezi mmoja na huna cha kuwarudishia. Kwa hiyo muulize mtu wa benki: akaunti ya pili chini ya kampuni hiyohiyo inagharimu kiasi gani, na je, inaweza kufungwa isitoke pesa kwa kadi? Kama kampuni yako inakusanya kodi kwa niaba ya wamiliki wengine, hitaji linakuwa kubwa zaidi. Utahitaji akaunti ya pesa za wateja, iandikwe hivyo kwa jina, na benki ikubali kwa maandishi kwamba haitaigusa kufidia deni la kampuni.

Usijaribu kuendesha haya yote kwenye akaunti yako binafsi, hata kama nyumba ni moja. Kampuni ni mtu mwingine mbele ya sheria. Jambo hilo lilithibitishwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 19 katika kesi ya mfanyabiashara wa viatu, Salomon, na nchi nyingi zimelifuata. Ukichanganya pesa zako na za kampuni, unampa mdai sababu ya kusema kwamba kampuni na wewe ni kitu kimoja, na ulinzi wa mali yako binafsi, uliosajili kampuni kwa ajili yake, unalegea.

Kuhusu saini, tulijifunza kwa paa. Akaunti yetu ya kwanza ilitaka saini zote mbili, yangu na ya dada. Tuliona ni salama. Dada akalazwa wiki mbili, mvua ikapasua paa la ghorofa ya juu, fundi anataka malipo ya kwanza ndipo anunue mabati, na mimi nimesimama dirishani nikiambiwa saini ni pungufu. Wapangaji wawili walilala na ndoo chumbani. Leo tuna ngazi: hadi kiwango fulani, mmoja wetu anatosha, juu ya hapo, mmoja anaandaa malipo na mwingine anaidhinisha kwenye simu yake. Msimamizi wa jengo tumempa ruhusa ya kuona tu. Anaona nani kalipa, hawezi kutoa hata senti. Si kila benki inaweza kupanga hivyo kwa akaunti ndogo, na zinazoweza mara nyingine zinalipisha kwa kila mtumiaji. Uliza kabla ya kusaini fomu, kwa sababu kubadilisha utaratibu wa saini baadaye kunadai azimio jipya la wakurugenzi.

Nyaraka nazo ziandae mapema: cheti cha usajili, katiba ya kampuni, azimio la wakurugenzi la kufungua akaunti, vitambulisho, ushahidi wa makazi, namba ya mlipakodi. Benki itataka pia kujua ni nani hasa mwenye kampuni, hadi mtu wa mwisho mwenye damu na nyama. Wengi wanashangaa, wakidhani wanashukiwa. Ni utaratibu unaotokana na viwango vya kimataifa vya kuzuia utakatishaji wa pesa, vinavyosimamiwa na FATF, chombo kilichoundwa 1989, na nchi nyingi zinaangalia yeyote mwenye asilimia 25 au zaidi. Majengo yamewahi kutumika sana kuficha pesa chafu, hivyo kampuni ya nyumba hujibu maswali mengi kuliko mwenye mgahawa. Nenda na mikataba ya upangaji na hati za nyumba. Ukieleza kwamba pesa zitaingia mara 16 ndani ya wiki moja, kutoka kwa watu hawa, kwa kiasi hiki, mfumo wao hautashtuka mwezi wa kwanza na kuzuia akaunti.

Kama una ndoto ya kukopa ununue nyumba nyingine, sema sasa. Wakopeshaji wengi hutaka kuona miezi kadhaa ya kodi zikipita kwenye akaunti, na wengine huweka sharti kwamba kodi za nyumba inayokopewa ziingie kwao. Na kama unavutiwa na kampuni ya pesa za mtandaoni isiyo benki, uliza bima ya amana, ile inayokurudishia pesa zako benki ikianguka. Marekani bima ya FDIC, shirika la serikali la bima ya amana, hufika dola 250,000 kwa kila mwenye akaunti katika kila benki, na Umoja wa Ulaya ni yuro 100,000. Nchi nyingine zina viwango vyao. Kampuni isiyo na leseni ya benki inaweza isiwe na bima hiyo kabisa. Kwa matumizi madogo sioni shida. Dhamana za wapangaji siziweki huko.

Ukishachagua, usifunge akaunti ya zamani haraka. Andikia kila mpangaji kwa karatasi, mpelekee mkononi, na mwambie athibitishe kwa kukupigia namba yako aliyozoea, kwa sababu matapeli hutumia ujumbe uleule wa "tumebadilisha akaunti". Sisi tuliacha ya zamani wazi miezi minne. Mwezi wa nne, tarehe 5, kodi ya chumba namba 2 bado iliingia huko, nikashuka ngazi na karatasi yenye namba mpya, nikaketi naye hadi akaifuta ile ya zamani kwenye simu yake.