Uvae wetisuti au uiache? Pima maji kwanza

Anayeogelea Kigamboni au Nyali, ambako bahari kwa kawaida huwa na nyuzi 25 hadi 29, hahitaji wetisuti, yaani vazi la mpira wa neoprini linalobana mwili na kuzuia baridi majini. Akiogopa jua au konyeza, fulana ya kuogelea ya mikono mirefu inamtosha. Ziwa Victoria nako, asidhani vazi hilo litamkinga na kichocho.

Mambo hubadilika mtu huyohuyo anapojiandikisha Ulaya kwenye trayathloni, mashindano ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, au anapohamia Uingereza na kutamani kuogelea ziwani. Mwezi wa Juni jua linawaka, watu wamevaa kaptula, na maji ya Windermere, ziwa la huko Uingereza, bado yako kwenye nyuzi 15 hivi. Kwa hiyo usiamue kwa kutazama anga. Funga kipimajoto kwenye kamba, kizamishe nusu meta, ukiache dakika tatu. Usipime ukingoni kwenye maji ya magotini, maana pale jua limeshayapasha.

Ukishapata namba, jiulize utakaa majini muda gani. Kwa mtu aliyekulia kwenye joto, tunashauri hivi. Yakiwa nyuzi 24 na zaidi, iache. Neoprini imejaa viputo vya gesi vinavyozuia joto kutoka, na mwogeleaji anayejituma hutoa joto jingi. Kichwa kikianza kuuma na kichefuchefu kikakushika, mwili umeshapata moto kupita kiasi. Kati ya 20 na 24, nusu saa haihitaji vazi, lakini mtu mwembamba atakayekaa zaidi ya saa moja atafurahia lile lisilo na mikono. Kati ya 16 na 20, vaa. Chini ya 16, vaa na uongeze kofia ya neoprini. Chini ya 12, hata ukiwa nalo, ogelea dakika chache tu kando ya ufuko, na pawe na mtu anayekuangalia.

Mashindano yana sheria zake, na hapo hiari yako inakwisha. World Triathlon, shirikisho la trayathloni duniani, huwakataza waogeleaji wa kawaida kuivaa maji yakifika nyuzi 22 kwa umbali wa hadi meta 1,500, na huilazimisha yakiwa chini ya 16. Unene usizidi milimita 5. World Aquatics, shirikisho la kuogelea duniani, kwa mbio za maji ya wazi kama bahari na ziwa, huilazimisha chini ya nyuzi 18, huacha hiari hadi kabla ya 20, kisha huikataza. Soma kanuni za mbio zako kabla ya kulipia vazi.

Wetisuti pia huinua nyonga na miguu. Anayeogelea mtindo huru huku miguu ikizama atapata nafuu kubwa na kasi zaidi. Wa mtindo wa chura hupata tabu: visigino vinatokeza juu ya maji, teke halishiki kitu, mgongo unauma. Na kwa vyovyote vile si jaketi la kuokolea. Boya la kuvuta nyuma yako kwa kamba bado unalihitaji.

Usiazime ile ya wapiga mbizi. Mabega yake ni mazito na kitambaa cha nje hukokota maji. Ya kuogelea ina mabega ya milimita 1.5 au 2 hivi, na nje ni laini.

Kuivaa kunahitaji dakika kumi za subira. Kata kucha. Vaa mfuko wa plastiki mguuni ili uteleze. Ipandishe kidogokidogo kwa ncha laini za vidole, mpaka ikae sawasawa kwenye msamba. Hapa ndipo wengi hukosea. Ikibaki chini sentimita tatu, kila ukinyoosha mkono unaivuta yote, na baada ya meta 400 mabega yamechoka. Kisha vuta kitambaa kuelekea kwapani na begani, ndipo ufunge zipu. Ikikaba kifua hata usiweze kuvuta pumzi yote, ni ndogo, na majini utapata hofu. Maji yakijikusanya kiunoni, ni kubwa: maji baridi yataingia na kutoka, na joto litaondoka nayo. Paka shingo mafuta yasiyo ya petroli, kwa kuwa watengenezaji wengi huonya kuwa mafuta ya mgando huharibu mpira.

Ingia polepole, uso uloweshe mwanzo. Baridi hukufanya utwete kwa dakika moja hadi tatu. Elea chali, toa pumzi ndefu, usianze kuogelea mpaka itulie.

Ukitoka, mwili huendelea kupoa ndani kwa dakika 10 hadi 30. Vua, jikaushe, vaa nguo kavu ukianza na kifua, kunywa chai ya moto. Usikimbilie bafu la maji moto, unaweza kuzirai, wala usishike usukani kabla ya kutetemeka kuisha.